Kijiji ni Kipi? Uhakiki wa Ngazi za Makazi katika Ramani ya Pamoja

Wako wanaodhani kwamba kuyagawa makazi ya watu katika mafungu ni kazi ya makarani tu, haina siasa ndani yake. Hatukubaliani nao.

Tuchukue ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Hatuibezi, vijana wa Ramani Huria, walioanza kazi Dar es Salaam mwaka 2015, waliitumia kuonyesha mitaa inayokumbwa na mafuriko. Lakini ngazi zake za makazi zina asili ya Uingereza, na hukadiriwa kwa idadi ya watu: kuanzia elfu kumi hivi ni mji, kuanzia elfu moja ni kijiji, chini yake ni kikundi cha nyumba.

Tanzania kijiji si wingi wa mapaa. Ni mamlaka. Sheria ya Vijiji ya 1975 ilitaka kwa kawaida kaya zisizopungua 250 ndipo kijiji kiandikishwe, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi. Kijiji hicho kimoja kina vitongoji kadhaa, pengine vimetenganishwa na mashamba na mbuga. Nukta yake itiwe wapi? Mchoraji mmoja ataitia penye ofisi. Mwingine, aliye mbali na picha ya setilaiti mbele yake, atakipa kila kitongoji nukta na kukiita kijiji. Hapo kijiji kimoja kimezaa vitano, na mpanga chanjo anayehesabu nukta hizo atapeleka dawa kwa hesabu ya uongo.

Mijini mambo ni yale yale. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji mwaka 2018. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na Ilala ikapewa hadhi hiyo. Hakuna nyumba iliyohama.

Umoja wa Mataifa uliafiki mwaka 2020 kipimo cha msongamano: kitovu cha mji kiwe na watu 50,000, na 1,500 kwa kila kilometa ya mraba. Kwa kulinganisha mataifa kinafaa. Hakisemi nani ana mhuri.

Kwa hiyo tunadai idadi ya watu iandikwe mahali pake, hadhi ya kisheria mahali pake, na jina la kijiji mama liambatanishwe na kila kitongoji. Kazi itaongezeka, ndiyo. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo anaiweza mtendaji wa kijiji kuliko mwenye setilaiti.