Mguu wa Kushoto

Fundi aliitoa klachi pleti chini ya gari, akaipangusa kwa tambara, akaigeuzageuza juani. Halafu akauliza, bila kuniangalia: "Gari hili anaendesha nani?"

Nilitamani nimtaje mtu mwingine. Dereva nilikuwa mimi.

Hapo ni Kasulu, gereji ya chini ya mwembe yenye jeki mbili na udongo uliokunywa oili mpaka ukawa mweusi. Hilux yangu ya mtumba ilinigomea kwenye mlima mmoja upande wa Makere: injini inalia, gari linatambaa, na ndani imejaa ile harufu ya kucha zilizoungua ambayo kila msafiri wa milima hii anaijua. Nilimlaumu aliyeniuzia. Nililaumu pia duka la spea.

Fundi hakuhitaji maelezo yangu. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya pleti. Vitabu vya Toyota vinasema vichwa vya riveti vikibaki chini ya uso wa laini, ile sehemu ya pleti inayosuguana, kwa kina kisichofika milimita 0.3, pleti imekwisha, na vinataka upime kwa kipimo cha chuma. Yeye hupima kwa ukucha. Ukinasa kwenye tundu la riveti, pleti bado ina siku zake. Kwenye pleti yangu ukucha ulipita moja kwa moja kama kwenye sahani.

Kisha akaninyooshea presha pleti. Ilikuwa na madoa ya buluu, mfano wa petroli iliyomwagika juu ya maji. "Hapa ndipo unaposimama mlimani," alisema. "Handibreki huitaki, unabalansi kwa klachi." Akaizungusha rilizi beringi kwa kidole, ikakwaruza. "Na barabara ikinyooka, mguu unaulaza kwenye pedali."

Mtu huyu hajawahi kupanda gari nikiwa naendesha. Alinisoma kwenye vyuma, na hakukosea hata neno.

Siku hiyohiyo aliingia kijana mwenye Subaru Impreza ya gia za mkono, yenye turbo, imeng'arishwa mpaka unajiona usoni. Akatoa shikamoo, akajibiwa, akauliza swali ambalo bila shaka wenye magari ya kasi huuliza dunia nzima: klachi ya kiwandani, kwa gari kama hili, inakaa muda gani?

"Pleti umepewa na kiwanda, kijana wangu," fundi alimjibu. "Mguu umekuja nao mwenyewe."

Kijana alidhani anataniwa. Hesabu, hata hivyo, iko upande wa fundi. Gari likiwa limesimama na injini inazunguka, lazima pleti isuguane mpaka mizunguko ya pande mbili ilingane, na msuguano huo ni joto linaloishia kwenye pleti na vyuma vinavyoibana. Ukiondokea mizunguko 4,500 kwa dakika badala ya 1,500, umezidisha mizunguko mara 3, lakini joto umelizidisha karibu mara 9, kwa gari lilelile na gia ileile. Ndiyo maana klachi moja huvuka kilomita 150,000 kwa mtu mmoja, na pacha wake, iliyotoka kiwanda hichohicho, ikaungua kwa mtu mwingine alasiri moja ya mashindano.

Subaru ina shida ya ziada, na shida hiyo ndiyo sifa yake. Gari linalosukumwa na magurudumu mawili likiondolewa kwa fujo, tairi huzunguka bure na klachi hupata nafuu. Magurudumu manne yakishika lami kwa pamoja, hakuna kinachoteleza ila pleti. Kwa hiyo kijana anayepiga resi kwenye udongo mwekundu wa Kibondo wakati wa mvua anaweza kuchafua ukuta wa jirani na klachi yake ikapona, lakini akiufanya mchezo huohuo kwenye lami kavu ataipika. Miaka mingi huku tuliililia lami, na mradi wa Kabingo–Kasulu–Manyovu, wa kilomita 260.6, tuliupokea kwa shangwe. Sikumsikia mtu akiulizia habari za klachi.

Namwelewa kijana. Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 akiwa na Impreza, na gari lile la buluu linalopasua matope halijatoka vichwani mwa vijana wa Afrika Mashariki, hata waliozaliwa baadaye. Picha zile hazionyeshi mafundi waliokuwa wakisubiri mbele na masanduku ya spea.

Akaulizia klachi ya mashindano, ile yenye vipande vya seramiki. Inavumilia joto kweli, lakini haina upole: inakamata au inaachia. Kuitembeza kwenye msongamano wa siku ya soko Kasulu, katikati ya baiskeli zilizobeba mihogo, ni kuruka kama chura. Fundi alimwambia hivyo. Kijana aliondoka akisema ataiagiza Dar es Salaam.

Ukitaka kuona ufundi wenyewe, panda Fuso ya maharage inayotoka Kibondo kwenda Kasulu, ukae mbele. Mimi nilibahatika safari moja, kabla lami haijatandikwa. Tulivuka Malagarasi, na mahali fulani kwenye mpando tukasimamishwa na lori lililokwama. Utingo aliruka na gogo lake, akalisukumia nyuma ya tairi. Njia ilipofunguka, dereva, mzee mkimya aliyevaa ndala, alitia gia ya kwanza akaanza kuuinua mguu wa kushoto. Taratibu, mpaka kibini ikatetemeka kidogo kama ng'ombe anayefukuza nzi. Hapo akatua kwa muda usiozidi pumzi moja, akaongeza mafuta kidogo mno, akauachia. Lori lilipanda. Utingo aliokota gogo akadandia. Mguu wa mzee ulikuwa umeshalala sakafuni, mbali na pedali, na haukurudi mpaka gia ya pili.

Nilimuuliza pleti ina muda gani. "Hii ina misimu mitatu ya mvua," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja umri wa mtoto.

Sifa za gereji humwendea fundi, na anazistahili. Nimemwona wangu akishusha gia boksi na msaidizi mmoja, akaiweka pleti katikati kwa kijiti alichokichonga mwenyewe kwa kisu, na shafti ikaingia mara ya kwanza. (Nina ugomvi naye kwa jambo moja: vumbi la klachi hulipuliza kwa mdomo. Laini za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na asbesto huua mapafu. Lowanisha tambara, fundi, upanguse.) Ufundi wake, basi, unaonekana na unalipwa. Wa yule mzee hauachi alama popote. Kadiri anavyoufanya vizuri ndivyo kusivyo na kitu cha kuonyesha, na mwenye lori anaweza kumwajiri miaka kumi asijue ameokoa nini.

Laini yenyewe, kwa asili, ni jamaa wa kiatu. Mwingereza Herbert Frood aliona wenye mikokoteni ya farasi wakipigilia buti kuukuu kwenye breki, na mwaka 1897 akaanza kutafuta kitu bora zaidi. Kampuni yake ndiyo Ferodo, jina lililoandikwa kwenye maboksi ya spea mpaka leo. Yaani siku zote ni habari ya mguu.

Na miguu hiyo inapungua. Michomoko mingi inayobeba abiria siku hizi ni otomatiki. Dereva anaweka D, anaongea na simu, mguu wa kushoto hauna kazi. Sioni kosa kwa anayetafuta riziki. Lakini wazee wa Fuso wakistaafu, sijui kijana atajifunzia wapi pumzi ile moja.

Mimi nilijifunzia kwenye hasara. Pleti mpya ilipofungwa, fundi aliniagiza kilomita 800 za mwanzo niendeshe kama nimebeba mayai, na handibreki niifanye rafiki. Mwezi wa kwanza nilizimikiwa mlimani mara tano, abiria wakicheka, huku nikitafuta mahali gari linapotetemeka. Kisha mguu ukapajua.

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Juzi niliipeleka Hilux kwenye gereji ileile ifungwe pedi za breki. Fundi alipomaliza, aliingia mwenyewe, akaliondoa gari, akapanda nalo mlima wa nyuma ya gereji, akarudi, akanipa ufunguo na kutaja bei. Kuhusu klachi hakusema neno.