Picha za Msafiri: Japani na Milima ya Kivu

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Lakini mgeni ajaye na mashine ya picha, atamponyaje mwenyeji? Wasomaji wapenzi, tuwapime wapiga picha wawili, kila mmoja kwa kazi yake.

Wa kwanza ni Werner Bischof, Mswisi. Alifika Japani mwaka 1951, miaka 6 tu baada ya vita kuu. Tokyo ilikuwa imeteketezwa kwa moto wa mabomu mwezi wa Machi 1945, na Hiroshima ikaangamizwa Agosti mwaka uleule. Bischof hakuyafumbia macho mateso hayo, maana alikwenda hata Hiroshima. Lakini aliwatazama pia wasichana wa mjini katika masomo na mavazi yao, na makuhani wa dini ya Kishinto wakipita katika theluji kwenye hekalu la Meiji, mjini Tokyo. Kitabu chake juu ya Japani kilitoka mwaka 1954, mwaka aliokufa kwa ajali ya gari katika milima ya Peru. Anayekifungua huona kwanza watu, kisha hukumbuka kwamba watu hao wametoka vitani.

Wa pili ni Richard Mosse wa Irlandi. Alianza kuja kwetu Kivu mwaka 2010, akitumia filamu iitwayo Aerochrome, ya aina iliyobuniwa wakati wa vita kuu ya pili ili kufichua maficho ya kijeshi. Filamu hiyo hunasa mwanga usioonekana kwa macho, na kila jani bichi hutoka na rangi ya waridi. Sinema yake, The Enclave, ilionyeshwa Venezia mwaka 2013, na mwaka 2014 alipewa tuzo kubwa ya picha mjini London.

Tuseme haki. Ulimwengu ulikuwa umechoka kusikia habari za vita vyetu, na rangi ile iliwasimamisha watu waliokuwa wakipita bila kuangalia. Tena katika sinema hiyo mna maziko, na mna kuzaliwa kwa mtoto. Hayo ni mema, wala hatuyakatai.

Hata hivyo tunaona kasoro mbili. Ya kwanza ni rangi yenyewe. Mkulima wa Masisi akitazama mlima husoma majani: hapa maharage, pale mahindi, kule malisho ya ng'ombe. Mtu wa Walikale hutambua msitu mkubwa na shamba lililolala. Mpaka kati ya shamba na malisho si jambo dogo, maana ugomvi wa ardhi ni mzizi mmoja wa vita vya Masisi. Filamu ile huyavika yote vazi moja, na mgeni wa Venezia hustaajabia urembo bila kujua watu wanagombania nini.

Kasoro ya pili ni majina. Picha nyingi zimepewa majina ya nyimbo za ng'ambo. Moja ya mwaka 2011 inaitwa Men of Good Fortune, jina la wimbo wa Lou Reed wa Marekani, na mahali panatajwa kuwa Kivu ya Kaskazini tu. Kijiji ki wapi? Nani analima pale? Kila mwanadamu ameumbwa kwa sura ya Mungu, na Mchungaji mwema huwaita kondoo wake kwa majina.

Basi tusingoje msafiri mwingine. Mwaka 2025 vita vilifika Masisi-kati na Walikale-kati, na watu wengi walikimbia bila kubeba kitu. Siku hizi simu yenye kupiga picha imo katika nyumba nyingi. Tupige picha ya mama anayekamua maziwa ya jibini, ya kijana anayesukuma chukudu lenye magunia, ya kwaya baada ya misa, ya mashamba kabla ya mavuno. Tuwaombe ruhusa kwanza, tena tuandike majina, kijiji na siku, ila pale ambapo jina laweza kumletea mtu hatari. Siku ya kurudi, picha hizo zitawaonyesha watoto wetu mahali nyumba ilipokuwa imesimama, na nani alikuwa akikaa ndani yake.