Omo ya Ariel

Dukani hapa Kanja mama mmoja aliagiza: "Nipatie Omo ya Ariel, ile ndogo." Muuzaji hakushtuka, akampa Ariel. Nilicheka, kisha nikakumbuka mimi mwenyewe husema "Colgate ya Close-Up".

Omo ni ya Unilever; Ariel ni ya wapinzani wao, Procter & Gamble. Kwa sentensi moja mama amegeuza jina la chapa kuwa jina la sabuni yoyote. Watu wa matangazo watafurahi. Mawakili, sidhani. Huko Marekani, mwaka 1921, mahakama iliamua kwamba kwa mnunuzi wa kawaida "aspirin" ni dawa tu, si mali ya Bayer. Otis nao wakapoteza "escalator", zile ngazi za umeme, mwaka 1950.

Simlaumu mama. "Sabuni ya unga" ni maneno matatu, na foleni ilikuwa ndefu.