Michoro ya Kolo na Amana ya Ardhi

Kule Kolo, wilayani Kondoa, mkoani Dodoma, miamba imebeba michoro ya kale ya rangi nyekundu: twiga, ndovu na watu wembamba warefu. Mwaka 1951 Mary Leakey aliinakili. Mwaka 2006 iliingia katika Urithi wa Dunia. Pengine mnyama mzima ametoshewa na mstari mmoja wa pembezoni: mchoraji hakufanya israfu hata ya rangi. Sisi je? Tulifyeka miti na kujaza mifugo, udongo ukachukuliwa na maji, hata mwaka 1979 mifugo ikabidi kuhamishwa. Wengine wamechimba mapangoni humo wakitafuta dhahabu isemwayo ilifukiwa na Wajerumani. Picha hatuziabudu, lakini tulichokabidhiwa hatuna ruhusa kukiharibu. Amana hurejeshwa nzima.