Seli Mundu: Kauli Mbili za Kusahihishwa Mimbarini

Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Huku kwetu milimani Maguu, na kwa ndugu zetu wa ufukweni Mbamba Bay, husikika katika mawaidha kauli mbili. Ya kwanza, kwamba elimu ya jeni ni fikra za Darwin, hivyo Muislamu haimhusu. Ya pili, kwamba mtoto akiwa na seli mundu, maradhi yametoka kwa mama yake. Tunaona zote mbili hazisimami. Wanavyuoni wa fiqhi wametufunza kuwa hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Basi tufahamu kwanza.

Mtoto hupokea jeni moja kwa baba na moja kwa mama. Akirithi moja yenye kasoro, kwa kawaida haugui, ila huibeba. Akirithi mbili, huugua. Kwa hiyo lazima baba naye awe ametoa yake. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, uwezekano wa mtoto kuugua ni robo, na robo hiyo ni ya kila mimba.

Ataulizwa mtu: mbona jeni yenye madhara haikutoweka? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionesha kuwa mbebaji hukingwa na malaria kali. Palipo na malaria, wabebaji husalimika na kuzaa zaidi, na jeni hubaki. Hilo ndilo liitwalo uchaguzi wa asili. Kulikubali hakugusi itikadi yetu juu ya kuumbwa kwa Nabii Adam (a.s.). Ni sababu miongoni mwa sababu alizoziweka Muumba. Anayekataa yote kwa kuogopa jina la Darwin amekataa hata kilichothibiti kwa kipimo cha damu.

Dhara yake si ndogo. Mke hulaumiwa, huitwa mwenye mkosi, pengine hupewa talaka akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni. Hiyo ni dhulma, na khatibu aliyesema bila elimu ana fungu lake.

Tunawausia maimamu wawanasihi wachumba wapime damu kabla ya nikaha. Kipimo si sharti la kusihi ndoa, wala si kupinga kadari. Ni kuchukua tahadhari, kisha kutawakali.

Wallahu a'lam.