Thieta, Mahali pa Kutazama

"Mama ameshaingizwa thieta," dada aliniambia nilipofika hospitalini. Nikakaa naye kwenye benchi, tukautazama mlango.

Mimi huandika kuhusu michezo ya kuigiza. Kwa miaka mingi nimesoma makala za wenzangu zinazolalamika kwamba Kiswahili hakina neno lake la thieta, na nyingine nimeziandika mwenyewe. Pale kwenye benchi niligundua kwamba neno tunalo, tena kila mtu analijua. Mwambie jirani kwamba fulani yuko thieta, hatauliza anacheza mchezo gani. Ataomba Mungu.

Wagiriki wa kale waliliunda kutokana na kitenzi cha kutazama. "Theatron" ni mahali pa kutazamia, na hapo mwanzo lilitaja hasa ngazi za mlimani walipokaa watazamaji. Wachezaji walikuwa na sehemu zao zenye majina mengine: "skene", yaani hema au kibanda, na "orkhestra", uwanja wa kuchezea ngoma. Neno tunalolionea wivu, kwa asili yake, ni jina la viti.

Hospitali nayo haikuliiba. Mwaka 1594, Chuo Kikuu cha Padua, Italia, kilijenga chumba cha kupasulia maiti chenye ngazi 6 za kuzunguka, ili wanafunzi wasimame juu na kumwangalia profesa akifanya kazi chini. Vyumba vya kupasulia wagonjwa vilifuata mpangilio huo, na jina likaja pamoja nao. Baadaye, madaktari walipotambua kwamba vijidudu huingia na watu, watazamaji wakatolewa. Jina likabaki. Ndiyo maana nilikuwa nimeketi nje ya mahali pa kutazama, nisiporuhusiwa kutazama.

Si kila lugha iliyoanzia kwenye macho. Waarabu husema "masrah", kutoka mzizi wa kupeleka mifugo machungani. Kabla ya kuwa na jukwaa, neno lilikuwa na majani. Wajapani wana "shibai", kukaa kwenye nyasi, kwa sababu ndiko watazamaji wa zamani walikokaa. Wacheki, kwa upande wao, walitafsiri wazo la Kigiriki kwa kitenzi chao wenyewe cha kutazama, wakapata "divadlo".

Na sisi? Tamthilia imetoka Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa methali na mithili: ni jambo linalofanana na jambo jingine. Maonyesho yametoka kwenye kuona, lakini kwa umbo la kumfanya mwingine aone, na ndugu yake wa karibu ni onyo. Mchezo wa kuigiza umebeba vitenzi viwili, kucheza na kuiga, na hicho cha kwanza ndicho tunachotumia kwa ngoma, kwa mpira na kwa watoto uani. Hakuna hata moja kati ya haya linalotaja viti. Yote yanataja mtu anayefanya jambo.

Simaanishi kwamba tumewashinda Wagiriki. Kwao pia drama ni tendo, na neno lao la mwigizaji ndilo lililokuja kumaanisha mnafiki katika lugha za Ulaya. Nasi tuna dharau kama hiyo: mwanasiasa akilia jukwaani, tunamwambia aache maigizo. Lakini mhakiki anayeanza na neno la viti atahesabu viti. Asipoviona, ataandika kwamba hakuna kitu.

Kosa hilo si la wahakiki peke yao. Mwaka 1977, watu wa Kamĩrĩĩthũ, huko Limuru nchini Kenya, walijenga kwa mikono yao uwanja wa wazi wa takribani watu 2,000, wakaigiza "Ngaahika Ndeenda", mchezo wa Kigikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanyika hadharani, na wanakijiji waliokuja kutazama waliwasahihisha wachezaji. Nani hapo alikuwa mtazamaji? Novemba mwaka huo serikali ilifuta kibali. Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 polisi waliubomoa uwanja wenyewe. Serikali ililisikia onyo ndani ya onyesho, lakini ilipotaka kulizima ilibomoa viti.

Mimi sijabomoa kitu, ila nimewahi kuandika kwamba mji wetu hauna thieta. Niliyaandika hayo nyumbani kwa mama. Huyu ndiye mwanamke ambaye, kwenye harusi, wanawake wakishafunga mlango, hujifunga shuka la mumewe na kuwa bwana harusi aliyerudi usiku wa manane bila pesa ya matumizi. Bibi harusi hucheka mpaka alie, kisha huonywa namna ya kumjibu mume wa hivyo. Shangazi akiona mama amelegea, huinuka na kumpokonya shuka. Nilikuwa nikiyasikia hayo tangu utoto, kupitia dirishani, na sikuwahi kuyaandikia hata mstari mmoja. Kwa hesabu zangu za siku hizo, mama alikuwa hajaingia thieta maishani mwake mpaka asubuhi ile.

Mlango ukafunguliwa. Daktari alisema kwamba upasuaji umekwenda salama, tusubiri azinduke.

Wiki mbili baadaye nilimkuta barazani, mto tumboni, majirani wamemzunguka. Alikuwa akimwigiza yule aliyempa dawa ya usingizi: sauti ya upole, kidole juu, "mama, hesabu mpaka kumi." Mmoja wa majirani alijilaza mkekani bila kuombwa akawa mgonjwa, akahesabu mpaka tatu, akakoroma. Mama alitaka kucheka, akajizuia, akashika mshono.

"Kaa, mwanangu," akaniambia. "Usisimame mlangoni kama daktari."

Nikatafuta nafasi kwenye mkeka.