Kalibu Isiyobaki

Fundi anayejenga tao la mlango huanza na mbao. Hutengeneza kalibu, akapanga mawe juu yake, na yakishashikana huing'oa. Apitaye chini ya tao husifu mawe. Mimi nataka kuisifu kalibu, na mfano wangu umo ndani ya virusi vinavyotuletea malengelenge mdomoni: herpesi simpleksi aina ya 1, ndugu wa virusi vya tetekuwanga na mkanda wa jeshi.

Kila kirusi kina gamba la protini, kapsidi, lenye upana wa nanomita 125 hivi. Ukiyapanga magamba 8,000 mstari mmoja, utapata milimita moja. Hujengwa ndani ya kiini cha seli, na tofali lake kuu ni protini iitwayo VP5. Zinahitajika 955: makundi 150 ya sita sita, na 11 ya tano tano kwenye pembe. Pembe zote ni 12. Iliyosalia ni mlango, pete ya protini nyingine 12. Baina ya makundi hayo zimepigwa kabari 320, kila moja ya protini tatu.

Lakini tofali halijui umbo la nyumba. Ikikosekana protini ya kalibu, magamba hutoka yamepinda au hayakufunga. Ikiwepo, huishika VP5 kwa mkia wake, ikaivuta na kuipanga, hata gamba likatokea mviringo kama chungwa. Hapo ndipo ninapostaajabu kila ninaposoma habari hii: kimeng'enya kilichofungiwa ndani tangu mwanzo wa ujenzi huukata mkia ule ule. Kalibu inaachia, vipande vyake vinatoka, na gamba linakaza na kupata pembe. Pale ilipokuwa kalibu, mota ya protini inasukumiza DNA kupitia mlangoni, herufi 152,000, mpaka presha ya ndani ifikie atmosfia 18 hivi, mara kadhaa ya tairi la gari. Presha hiyo ndiyo itakayosaidia kuitema DNA ndani ya kiini cha seli nyingine.

Tumeyajuaje? Kwa mafundi wengine, wa darubini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Heidelberg, Jacques Dubochet na wenzake walijifunza kugandisha maji upesi kiasi kwamba barafu haipati nafasi ya kufanya chembe. Tone hupunguzwa kwa karatasi ya kunyonya mpaka libaki utando mwembamba, kisha huchovywa ghafla katika ethani ya majimaji. Virusi hubaki humo kama vilivyokuwa. Picha za elektroni hutoka hafifu mno. Joachim Frank akaonyesha namna ya kuzikusanya kwa maelfu na kuzilinganisha kwa hesabu mpaka umbo lijitokeze. Wawili hao, pamoja na Richard Henderson, walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2017.

Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha letermovir kwa wagonjwa waliopandikizwa uboho. Dawa hiyo huizuia mota inayopakia DNA ya sitomegalovirusi, ndugu mwingine wa herpesi, na magamba yakabaki matupu. Seli za binadamu hazina mota hiyo.